Marehemu Anajibu Ujumbe

Mama Usafi alivuta blanketi kwa mkono mmoja, mkono wa pili umebeba shuka safi, akasema maneno aliyoyasema kila siku saa mbili asubuhi: "Amka baba, kumekucha. Nipishe nitandike."

Kijana aliyelala ameelekea ukutani hakujibu. Mama Usafi akamgusa bega. Lilikuwa gumu kama ubao, na baridi yake ikampanda hadi kwenye kiwiko. Shuka zikamponyoka. Sauti ilipomtoka, ilitoka mara moja tu, kisha akakaa chini sakafuni.

Inspekta alifika saa tatu kasoro dakika kumi, pamoja na Sajini wake na daktari wa uchunguzi wa maiti. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyetimiza miaka ishirini na miwili kazini. Alishaona maiti kitandani, maiti sokoni, maiti ndani ya tangi la maji. Siku ile waliomshtua kwanza walikuwa walio hai.

Kukifikia chumba cha mapumziko ilibidi wapite katikati ya ukumbi wa kazi. Watu zaidi ya mia moja walikuwa wameketi kwenye meza ndefu, vipokea sauti masikioni, vidole vikikimbia juu ya kompyuta. Hakuna aliyesimama. Wawili watatu waliinua macho, wakaona sare, wakayarudisha kwenye skrini.

"Hawa wanajua kwamba kuna mtu amekufa?" Inspekta alimuuliza mlinzi.

"Wanajua, afande. Wametumiwa ujumbe."

Chumba cha mapumziko hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na vitanda vinne vyembamba, taa moja hafifu na harufu ya soksi. Marehemu alilala kitanda cha mwisho. Miwani yake ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya simu yake. Hakukuwa na damu, wala dalili ya purukushani.

Daktari alivaa glavu, akapima joto la mwili, akajaribu kukunja mkono wa marehemu ukakataa, akamgeuza kidogo kutazama mgongo.

"Huyu hakufa leo," alisema. "Mwili umekakamaa wote. Damu imeshatulia upande aliolalia. Alikufa jana jioni, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili."

"Haiwezekani!"

Sauti ilitoka mlangoni. Ilikuwa ya kijana mrefu mwenye fulana nyeusi na viatu vya mpira, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Huyu ndiye mwanzilishi wa kampuni. Wafanyakazi walimwita Chifu.

"Haiwezekani," alirudia. "Nimeongea naye leo saa moja asubuhi."

"Mmeongea uso kwa uso?"

"Kwa ujumbe. Tazama."

Alimpa Inspekta simu yake. Ilikuwa kweli. Saa 1:04 asubuhi Chifu alikuwa ameuliza kama mitambo iko sawa. Saa 1:04 hiyohiyo marehemu alikuwa amejibu: "Iko sawa, Chifu. Usihofu. Kunywa chai kwanza."

Inspekta aliutazama ujumbe, akaitazama maiti, akautazama tena ujumbe.

"Sajini," alisema polepole, "muandikie huyu marehemu."

Sajini alipiga moyo konde, akaandika kwa simu ya Chifu: "Uko wapi?"

Hawakuhesabu hata sekunde tatu.

"Niko mezani kwangu. Niambie."

Sajini aliiweka simu kitandani kama mtu aliyeungua.

* * *

Chifu alihojiwa katika chumba cha mikutano chenye kuta za kioo.

"Anza mwanzo," alisema Inspekta. "Kampuni hii inafanya nini?"

"Tunajibu watu, afande. Ukililalamikia duka, ukiulizia miadi ya hospitali, ukiutafuta mzigo wako uliopotea, unadhani unaongea na duka au hospitali. Unaongea na sisi. Miaka miwili iliyopita tulikuwa watano ndani ya chumba kimoja. Leo tuko mia moja na arobaini. Kila wiki wateja wanaongezeka na hatujui tuwaweke wapi."

"Na marehemu?"

"Profesa. Tulimwita hivyo kwa sababu ya miwani. Mfanyakazi namba tatu. Ndiye aliyeandika programu yetu yote."

"Nani anajibu kwa jina lake hivi sasa?"

Chifu aliusukuma mlango wa kioo mpaka ukafunga.

"Nauliza mara ya pili."

"Programu. Ni bidhaa mpya. Unaipa ujumbe wako wote wa zamani, inajifunza unavyoongea, halafu inakujibia. Profesa aliijaribu kwanza kwake mwenyewe. Ni siri, tulijua mimi na yeye tu. Tulitaka kuona kama kuna mtu atagundua."

"Aligundua nani?"

"Hakuna. Miezi saba, hakuna hata mmoja."

"Na wewe uliyejua, leo asubuhi uliamini unaongea naye?"

Chifu aliinamisha kichwa. "Siku hizi hata mimi sijui nani ananijibu, afande. Kazi inaenda mbio. Jibu likiwa zuri, unalichukua unaendelea."

Watu mia moja na arobaini walikuwa wameishi na kivuli cha mwenzao kwa miezi saba. Halafu mwenyewe akafa hatua ishirini kutoka mezani kwao, na kivuli kikaendelea kuwapa salamu.

"Jana alionekana lini mara ya mwisho?"

"Saa nane mchana, alikuwa mezani. Saa kumi tulikuwa na onyesho la bidhaa hiyo mbele ya wageni wakubwa. Yeye ndiye angeliendesha. Saa tisa na dakika tano akaniandikia kwamba usingizi umemzidi, ameenda kulala, nisimwamshe, na onyesho niliahirishe hadi wiki ijayo."

"Ukaliahirisha?"

"Hapana. Wageni walikuwa mlangoni. Nililiendesha mwenyewe."

"Hukwenda kumwangalia rafiki yako?"

"Alikuwa hajalala siku tatu. Nikasema mwache apumzike. Nilifurahi kwamba analala."

* * *

Mchana daktari alipiga simu kutoka chumba cha maiti.

"Kipimo cha awali cha mkojo kinaonyesha dawa ya usingizi. Kiasi si cha kidonge kimoja. Tumboni kuna kahawa na mabaki ya unga. Pia alikuwa akinywa dawa kali ya kikohozi. Hivi viwili vikikutana ndani ya mtu aliyechoka hivyo, pumzi inazimika taratibu."

"Angeweza kuokolewa?"

"Kama mtu angemwona kwa wakati, ndiyo. Angekoroma vibaya, midomo ingebadilika rangi. Hospitali iko mtaa wa pili."

Inspekta aliandika neno moja kwenye daftari lake: kahawa. Kisha akaenda jikoni.

Lilikuwa jiko dogo la ofisi, na sinki lilikuwa limefurika. Vikombe vyote vilikuwa vyeupe, kila kimoja kimeandikwa namba ya mwenyewe. Mama Usafi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, hajasema na mtu tangu asubuhi. Inspekta alivuta ndoo, akaipindua, akakaa karibu naye.

"Pole, mama."

"Nilimfunika, mwanangu," Mama Usafi alisema ghafla. "Jana saa kumi na mbili, wakati wa kuondoka. Blanketi lilikuwa limeshuka miguuni nikampandishia. Mwanga hafifu, nikadhani kalala. Nimemfunika maiti nikamwambia lala salama."

Inspekta alimshika mkono, akaacha machozi yapite kwanza.

"Kikombe chake kiko wapi?"

Mama Usafi alionyesha rafu ya juu. Kikombe namba tatu kilikuwa peke yake, kinang'aa.

"Nani amekiosha? Wewe?"

"Mimi nilikikuta kimeoshwa. Humu ndani hakuna anayeosha kikombe, afande. Wanasema hawana muda. Ndiyo maana jana nilipomkuta Shangazi hapa kwenye sinki na sabuni mkononi, nilimtania. Nikamwambia, leo mbona tutapata mvua."

"Shangazi ni nani?"

"Mkuu wa hao wanaojibu. Ana miaka thelathini na minane, na hawa wengine ni watoto watupu, basi ndiyo wakamwita Shangazi."

"Alikujibu nini ulipomtania?"

Mama Usafi alifikiri. "Hakunijibu. Na Shangazi hujibu kila mtu."

* * *

Sajini alikuwa hodari wa simu na kompyuta. Alirudi akiwa na bahasha ya karatasi.

"Afande, nimepata kumbukumbu za ujumbe wote wa marehemu. Mtambo wenyewe huweka alama: huu kaandika mtu, huu kaandika programu. Tangu jana saa nane hadi leo, kila ujumbe ni wa programu. Isipokuwa mmoja."

"Ule wa saa tisa na dakika tano."

"Ndiyo. Uliandikwa na mtu, kwenye simu ya marehemu."

"Simu inafunguliwa kwa kidole chake," Inspekta alisema. "Kidole cha mtu aliyelala usingizi mzito hakikatai." Alitembea hatua chache, akarudi. "Profesa mwenyewe asingeomba onyesho liahirishwe, alikuwa ameliandaa siku tatu bila kulala. Kuna mtu mwingine aliyetaka lisifanyike. Sajini, niletee hilo onyesho nilione."

Chifu aliwafungulia kwenye skrini kubwa. Ukurasa wa kwanza namba, wa pili namba, wa tatu picha za watu wanaocheka. Ukurasa wa nne uliandikwa: *Programu yetu inafariji.* Chini yake kulikuwa na mazungumzo. Upande mmoja, mtu asiye na jina:

"Leo nimekuta kiatu chake kimoja chini ya kochi. Cha pili tulimzika nacho? Sikumbuki. Mama gani hakumbuki?"

Upande wa pili, programu:

"Mama aliyechoka. Hukumbuki kwa sababu ulikuwa umemshika yeye, si viatu."

Sajini aliondoa kofia yake.

"Haya ni maneno ya nani?"

"Ni mfano tu, afande," Chifu alisema. "Profesa ndiye aliyeuchagua. Majina yameondolewa."

"Nimekuuliza ni ya nani."

"Sijui. Ni data."

Inspekta alimtaka karani wa wafanyakazi amletee daftari la likizo, akapitisha kidole kwenye safu ya sababu. Harusi. Homa. Mtihani. Kisha, miezi minane iliyopita: *Siku mbili. Kufiwa na mtoto.* Mwombaji alikuwa mfanyakazi namba nne.

"Siku mbili?" alimuuliza Chifu. "Mtu amezika mtoto, mkampa siku mbili?"

"Aliomba mwenyewe mbili. Wiki ile tulipata wateja wapya mia tatu." Chifu aliitazama ile namba kwenye daftari, kisha skrini, kisha namba tena. Macho yakamtoka pima. "Mungu wangu. Shangazi."

* * *

Shangazi aliingia akiwa na kipokea sauti shingoni, nguo nadhifu, uso umetulia. Alisalimia kwa heshima, akakaa.

"Una haki ya kunyamaza," Inspekta alianza. "Utakachosema kitaandikwa na—"

"Najua, afande. Uliza."

"Jana ulimtengenezea Profesa kahawa?"

"Nilimpelekea saa nane na nusu."

"Uliweka nini ndani?"

Shangazi aliutazama mkoba wake, ambao Sajini alikuwa ameupekua na kuuweka mezani. Karatasi ya dawa ilikuwa juu yake, matundu tisa yote matupu.

"Tisa," alisema. "Daktari wangu alinipa nilipoacha kulala. Sikutaka afe. Nilitaka alale, onyesho lisifanyike. Alipoanza kusinzia nilimshika mkono hadi kitandani. Nikakunja miwani yake. Nikaandika kwa simu yake kwamba waahirishe."

"Kwa nini?"

Kwa mara ya kwanza uso wake ulitikisika.

"Mwanangu alikuwa na miaka sita. Homa ya siku tatu. Nilizika Alhamisi, Jumatatu nikarudi kazini, kwa sababu vijana wangu walikuwa wanalia kwenye meza, wateja wamewazidi. Nyumbani sikuwa na wa kumwambia. Baba wa mtoto alishaondoka zamani. Nikamwandikia Profesa, tulianza wote tukiwa watano, tukigawana mkate mmoja. Akanijibu. Nikaandika tena, akajibu. Saa yoyote, afande. Hakuchoka. Nilimwambia mambo ambayo sijamwambia hata mama yangu mzazi. Nilisema moyoni, hapa duniani nina ndugu mmoja."

Ng'ambo ya kioo, vidole viliendelea kukimbia juu ya kompyuta.

"Jana saa tano waliniita nikague maandishi ya onyesho, kama kuna makosa. Nikafika ukurasa wa nne. Nikamkuta mwanangu. Kiatu chake, kochi langu. Na nikasoma kwamba aliyekuwa ananifariji ni programu."

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza. Hakunificha. Akasema, Shangazi, nisamehe, mwezi wa kwanza nilikujibu mwenyewe. Nikamwambia, halafu? Akasema, halafu tukakua."

Sajini aliacha kuandika.

"Basi, hivyo tu," Shangazi alisema. "Halafu tukakua. Nikamwomba auondoe ukurasa ule. Akasema hakuna muda, onyesho ni saa kumi, na ndio ukurasa mzuri kuliko yote."

"Chifu hakuahirisha."

"Hakuahirisha. Nilisimama nyuma ya ukumbi. Wageni wakasoma kiatu cha mwanangu. Mmoja akafuta machozi. Wakapiga makofi."

"Ukafanya nini?"

"Nikaenda chumba cha mapumziko kumwamsha. Nilitaka anione nilivyo. Nikamkuta anavuta pumzi moja, anakaa, anavuta nyingine. Midomo imekuwa ya bluu."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na nusu."

"Hospitali iko mtaa wa pili, Shangazi."

"Najua iko wapi. Mwanangu alifia pale." Alikuwa akinong'ona sasa. "Nilisimama. Simu ilikuwa mkononi. Kipokea sauti changu kikaanza kulia. Watu mia mbili na kumi wanasubiri majibu, vijana wangu wananiita, Shangazi uko wapi, Shangazi tumezidiwa. Nikamgeuza aelekee ukutani. Nikaosha kikombe. Nikarudi kujibu."

"Ulijibu hadi saa ngapi?"

"Hadi saa moja. Nilimaliza zamu."

Inspekta alifunga daftari. Katika miaka yake yote alishasikia watu wakiungama kwa hasira, kwa kilio, kwa ulevi. Hakuwahi kumsikia aliyemwacha mtu afe kisha akaenda kuwapa wengine pole kwa mizigo iliyochelewa.

"Na leo? Akaunti yake ilipokuwa inajibu?"

"Nilimwandikia saa kumi na mbili alfajiri. Nilikuwa najua kafa, nikamwandikia hivyohivyo. Nikasema, nimefanya kitu kibaya. Akaniambia, niambie, nakusikiliza."

Shangazi alifuta uso kwa kiganja.

"Afande, naomba kitu kimoja. Kuna siku mwanangu angetimiza miaka saba. Miezi mitatu imepita. Niliamka sina hamu ya kuiona jioni, na dawa nilikuwa nazo. Nikamwandikia kwaheri. Akanijibu maneno yaliyonifanya niziache. Nilishindwa kuuliza jana. Yale nayo yaliandikwa na mashine?"

Inspekta alimtazama Sajini. Sajini alifungua bahasha, akapekua karatasi moja baada ya nyingine, nyingi mno, kila mstari na alama ya programu. Kidole kikasimama. Akaisukuma karatasi mbele ya mkuu wake.

Inspekta aliisoma mara mbili. Angeweza kuikunja. Lakini mwanamke yule alikuwa ameuliza.

"Siku hiyo programu iliandika jibu," alisema. "Profesa alilifuta kabla halijatoka. Akaandika mwenyewe."

Aligeuza karatasi ili Shangazi aone. Mstari ule ulikuwa na makosa mawili ya herufi, kama wa mtu aliyeandika kwa haraka huku anatembea: *Usifanye kitu chochte. Fungua mlango wa mbele ukae hapo kizingitini. Nakuja sasa hvi.*

"Alikuja?" Inspekta aliuliza.

Shangazi alikuwa ameshikilia ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Alikuja," alisema. "Alikaa na mimi mpaka jioni. Alinipikia uji. Ukaungua."

Kisha akalitaja jina halisi la Profesa, ambalo hakuna mtu mwingine pale aliyekuwa amelitumia siku ile nzima, akaliita mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi, na katika ukumbi ng'ambo ya kioo, mmoja baada ya mwingine, watu wakaanza kuvua vipokea sauti masikioni.